Mtenda Yuko Wapi? Istilahi za Kadi ya Benki na Msafiri wa Ng'ambo

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuyapima maneno ya Kiswahili yanayotumiwa katika mambo ya fedha za msafiri, hususan yule anayekwenda ng'ambo kwa miezi au miaka akiwa na kadi ya benki mfukoni. Hatukusudii kutazama ufasaha wa maneno hayo tu, wala kuhesabu yapi yana asili ya Kibantu na yapi yametoka ugenini. Tunauliza swali moja: je, neno linamwambia msafiri ni nani anayetenda? Ni nani anayekata, ni nani anayebadili, ni nani anayezuia, na ni nani anayedai? Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye dosari. Maneno mengi ya uwanja huu yameundwa kwa namna inayomficha mtenda, na anayeigharimia dosari hiyo ni mwenye kadi.

Mifano yetu mingi tumeiweka katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012. Tumezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa huko wamezoea fedha za nchi jirani kuliko wakazi wa miji mingi mikubwa. Mto Kagera umewatenga na Rwanda, na huko Murongo daraja linawavusha kwenda Kikagati nchini Uganda. Pili, wengi wao Kiswahili ni lugha yao ya pili baada ya Kinyambo. Istilahi ikieleweka kwa mkulima wa kahawa wa Nkwenda ambaye mwanawe anakwenda kusoma India au China, yaelekea itaeleweka kokote nchini.

2. Kipimo tunachotumia

Kabla ya kuhukumu, yafaa tuoneshe neno jema la fedha lilivyo. Katika mkoa wa Kagera liko neno "butura", ambalo siku hizi limeingia hata katika magazeti na hotuba za viongozi. Ni ile biashara ya mkulima kuiuza kahawa yake ingali mtini, kwa bei ndogo, kwa mnunuzi anayemlipa mapema na kuja kuichukua wakati wa mavuno. Serikali imeipiga vita miaka mingi. Jambo linalotuhusu hapa ni kwamba msikilizaji wa neno hilo haulizi nani katika biashara hiyo ana njaa na nani ana fedha. Watu wawili wamo ndani ya neno, na deni limo. Hakuna mkulima wa Karagwe atakayetia saini mkataba wa butura akidhani kwamba amepewa zawadi.

Mfano wa pili ni "hawala". Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu, na vizazi vilivyotangulia vililitumia posta kwa fedha zilizopelekwa mbali. Hawala inataka watu watatu: mwenye kutuma, mwenye kupokea, na yule wa katikati aliyekabidhiwa jukumu. "Hundi" nayo ilivuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na wafanyabiashara. Kwa hiyo lugha yetu si ngeni katika kazi ya kuihamisha fedha bila kuibeba. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, huko Karagwe, katika enzi ya mtawala Rumanyika, na safari ya kutoka pwani hadi hapo ilichukua miezi. Msafiri wa masafa ya mbali mwenye mali mkononi na wenye kumdai nyuma yake si mtu mpya katika historia ya nchi hiyo.

Tukumbuke pia kwamba umma hauogopi neno la kigeni. Wajerumani waliingiza sarafu ya heller katika koloni lao mwaka 1904, wakaweka heller 100 katika rupia moja, mahali pa zile pesa 64 za awali. Sarafu zote mbili zimetoweka kitambo, lakini "hela" na "pesa" tunazo hadi leo. Kwa hiyo hatuyalaumu maneno ya benki kwa ugeni wake. Tunayalaumu pale yanapokaa kimya juu ya jambo ambalo mtumiaji anapaswa kulijua kabla ya kuamua.

3. "Kununua" na "kuuza": ni kauli ya nani?

Tuanze na ubao wa viwango vya fedha za kigeni. Juu yake mara nyingi mna safu mbili, moja imeandikwa "Kununua" na nyingine "Kuuza". Msafiri anayetaka dola za kwenda nazo anasema moyoni, "Mimi ninanunua," naye anaisoma safu ya kununua. Amekosea, kwani ubao unasema kwa kinywa cha benki. Benki inanunua dola kwa bei ya chini na kuziuza kwa bei ya juu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba dola moja inanunuliwa kwa shilingi 2,500 na kuuzwa kwa shilingi 2,600. Aliyezipigia hesabu dola 1,000 kwa safu isiyo yake atajikuta amepungukiwa shilingi 100,000 akiwa tayari ameshika tiketi.

Kosa hapa ni la sarufi kabla halijawa la hesabu. Kitenzi-jina cha Kiswahili hakina nafsi. "Kununua" hakisemi anunuaye ni nani. Lakini lugha yetu ina kiambishi cha nafsi ambacho kwa silabi moja kinamaliza utata wote. Ubao ukiandikwa "Tunanunua" na "Tunauza", hakuna atakayepotea. Mnyambo naye hatapotea, maana kitenzi cha Kinyambo hubeba kiambishi cha nafsi mwanzoni kama cha Kiswahili.

Neno "shilingi" lenyewe lahitaji uangalifu. Kuanzia mwaka 1921 nchi za Afrika Mashariki zilitumia shilingi moja, na mwaka 1966 Tanzania, Uganda na Kenya zikaanza kutoa kila nchi fedha yake. Jina halikubadilika, bali thamani ndiyo iliyoachana. Mfanyabiashara wa Murongo hawezi kusema "shilingi elfu kumi" bila kutaja ya nchi gani, na husema hivyo kila siku bila kufundishwa na mtu. Lakini msafiri huweza kukabidhiwa maelezo yanayotaja ada ya "shilingi" pasipo jina la nchi, naye huku anavuka mipaka mitatu kabla ya kufika anakokwenda. Katika jambo hili soko limewatangulia waandishi.

Mwaka 2014 ilianzishwa huduma ya kutumiana pesa kwa simu kati ya Tanzania na Rwanda, ambamo mtumaji alitoa shilingi na mpokeaji akapata faranga. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini angalia jinsi tunavyoeleza huduma za namna hiyo: twasema fedha "hujibadili" au "hugeuka" njiani, kana kwamba shilingi ni kiluwiluwi kinachogeuka chura kwa maumbile yake. Fedha haijibadili. Yuko anayeibadili, kwa bei aliyoipanga yeye.

Jambo hili humfuata msafiri hadi dukani ng'ambo. Anapolipa kwa kadi, huenda mashine ikamwuliza kama anataka kulipa kwa fedha ya pale au kwa fedha ya kwao. Swali linasikika kama hisani, na wengi huchagua shilingi za Tanzania kwa kuwa ndizo wanazozijua. Lakini akichagua fedha ya kwao, kazi ya kubadili imefanywa na upande wa duka, kwa kiwango cha upande huo, ambacho kwa kawaida humwumiza mlipaji. Akichagua fedha ya pale, kazi hiyo inafanywa na mtandao wa kadi pamoja na benki yake mwenyewe. Tunapendekeza maneno mawili yenye mtenda ndani yake: "ubadilishaji wa dukani" na "ubadilishaji wa benki yako". Msafiri mwenye maneno hayo mawili kichwani anajua anachoulizwa, hata kama mashine inamwuliza kwa Kijerumani.

4. Kadi ni ya fedha za nani?

Mitaani kila kadi ya benki huitwa "kadi ya ATM". Jina hili linatuambia kadi inaingizwa wapi. Halituambii fedha zinatoka kwa nani. Kwa mtu anayetoa mshahara wake pale Kayanga au Omurushaka upungufu huu hauna madhara, kwa kuwa kadi yake hufanya kazi moja. Kwa anayekwenda ng'ambo miaka miwili, ni hatari.

Ziko kadi za aina tatu. Ya kwanza hutoa fedha zilizomo katika akaunti ya mwenye kadi. Ya pili hutoa fedha za benki, ambazo mwenye kadi atazilipa baadaye, pamoja na riba asipolipa kwa wakati. Ya tatu hujazwa fedha kabla ya safari, na zikiisha haifanyi kazi hadi ijazwe tena. Wahasibu, wakifuata vitabu vyao, huita ya kwanza "kadi ya debiti" na ya pili "kadi ya krediti". Walimu wa uwekaji hesabu wanajua taabu ya maneno haya mawili hata kwa mwanafunzi wa kidato cha nne. Kwa mwananchi wa kawaida ni sauti mbili zinazofanana, naye hawezi kukisia ni ipi itakayomwachia deni.

Jina "kadi ya mkopo" kwa aina ya pili ni zuri na lidumishwe. Mkopo una mkopeshaji na mkopaji, kama vile butura ilivyo na watu wake wawili. Kosa liko kwa wale wanaoliita jina hilo juu ya kadi yoyote yenye nembo ya kampuni ya kimataifa. Mzazi akisikia kwamba mwanawe amepewa "kadi ya mkopo", naye kumbe amepewa kadi ya kutolea akiba yake, ataogopa bila sababu. Kinyume chake ni kibaya zaidi.

Kwa aina ya kwanza tulifikiria "kadi ya akiba", tukaiacha, kwa kuwa "akaunti ya akiba" tayari ni jina la aina moja ya akaunti, na kadi hii huweza kufungwa na akaunti ya aina nyingine. Tunapendekeza "kadi ya salio". Neno "salio" limeundwa kutokana na "salia", na limeenezwa na simu za mkononi hata vijijini. Kila mtu anajua kwamba salio ni lake na kwamba huisha. Kwa aina ya tatu twapendekeza "kadi ya malipo ya kabla". Mita za LUKU zimekwisha kuufundisha umma kwamba unalipa kwanza kisha unatumia, na jina la LUKU lenyewe ni sentensi nzima yenye nafsi: lipa umeme kadiri unavyotumia.

5. Kukata, kukataa na kuzuia

Maneno yanayomwumiza msafiri kuliko yote ni yale yaliyo katika kauli ya kutendwa. "Kadi yako imekataliwa." Imekataliwa na nani? Huenda benki yake imeona muamala kutoka nchi ya mbali, ikaushuku, ikaufunga. Huenda mwenye mashine hapokei kadi za aina ile. Huenda salio halitoshi. Huenda muda wa kadi, ambao huchapwa juu yake kwa mwezi na mwaka, umekwisha akiwa bado masomoni. Katika hali ya kwanza apige simu nyumbani, katika ya pili atafute mashine nyingine, katika ya tatu aombe kutumiwa fedha, na katika ya nne hana budi kupata kadi mpya, jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi kama angeliwahi kabla ya kuondoka. Tiba ni nne na ugonjwa umepewa jina moja.

Tena lugha imemwekea mtego wa sauti. "Imekatwa" na "imekataliwa" ni maneno ya karibu karibu, na msafiri huweza kukutwa na yote mawili kwa siku moja: muamala umekataliwa, lakini katika hesabu yake fedha zinaonekana kama zimekatwa. Mara nyingi fedha hizo hazijaondoka. Zimeshikiliwa tu hadi benki zimalize kuulizana, kisha zinarudi. Hoteli nazo hufanya vivyo hivyo. Mgeni ambaye malazi yake ni dola 200 huweza kushikiliwa dola 300, na tofauti huachiwa siku kadhaa baada ya yeye kuondoka. Asiyelijua hilo huamini kwamba ameibiwa, na mwenye fedha kidogo hulala na njaa huku fedha zake zipo.

Siku hizi neno "kuzuia" linatumiwa kwa mambo haya yote: kadi imezuiwa, fedha zimezuiwa, akaunti imezuiwa. Tunashauri litenganishwe. Kwa kadi itumike "kufunga", kwa sababu kinyume chake, "kufungua", kinajulikana na kila mtu, na msafiri atajua la kuomba. Kwa fedha itumike "kushikilia", ambayo kinyume chake ni "kuachia". Na kila inapowezekana sentensi iwe na mtenda: "Benki yako imeifunga kadi hii", "Hoteli imeshikilia fedha hizi", "Mwenye mashine hapokei kadi hii".

"Makato" nayo yana kasoro hiyo hiyo. Anayetoa fedha katika mashine ya ng'ambo huweza kukatwa na watu watatu: mwenye mashine, benki yake mwenyewe, na yule anayebadili fedha. Taarifa ya akaunti ikiandika "makato" kwa jumla, hataweza kujua yapi yangeepukika. Ada ambayo hutozwa kwa kila mara, bila kujali kiasi, ndiyo inayomshauri atoe fedha nyingi mara chache badala ya kidogo kila siku. Ushauri huo hauwezi kutoka katika neno "makato" peke yake.

6. Namba tatu, jina moja

"Namba ya siri" ni istilahi iliyofaulu. Lakini imeanza kubebeshwa mizigo isiyo yake. Iko namba anayoichagua mwenye kadi na kuihifadhi kichwani. Iko namba ambayo benki humtumia katika simu ili athibitishe malipo, nayo hufa baada ya kutumiwa mara moja. Na ziko tarakimu tatu zilizochapwa mgongoni mwa kadi. Zote tatu zikiitwa "namba ya siri", mlaghai hupata upenyo, kwani mtu aliyeonywa asiitaje "namba yake ya siri" huweza kuitaja ile aliyotumiwa sasa hivi, akidhani kwamba si hiyo iliyokatazwa.

Tunapendekeza "namba ya siri" ibaki kwa ile ya kwanza tu, ya pili iitwe "namba ya mara moja", na ya tatu "tarakimu za mgongoni". Msafiri apate kuelewa pia kwamba namba ya mara moja huja kwa laini aliyoiandikisha benki. Laini hiyo ikiachwa nyumbani Kyerwa, au ikifungwa kwa kutotumika, kadi nzima yaweza kukosa nguvu katika malipo ya mtandaoni.

7. Hoja za wenye shaka

Tunazijua hoja mbili zitakazotolewa dhidi yetu. Ya kwanza husema kwamba mashine za ng'ambo hazisemi Kiswahili, na kwa hiyo msafiri yafaa ajifunze maneno ya Kiingereza tu. Tunajibu kwamba maamuzi makubwa hayafanywi mbele ya mashine. Hufanywa nyumbani, siku ya kutia saini: kadi ya aina gani, kiwango gani cha kutoa kwa siku, laini ipi ya simu, nani atakayefuatilia mambo akiwa mbali. Siku hiyo mzazi na mwana wako pamoja, na lugha inayowaunganisha wao na karani ni Kiswahili. Aliyeelewa jambo kwa lugha yake atalitambua hata likivaa vazi la lugha nyingine.

Hoja ya pili husema kwamba istilahi lazima iwe fupi na iwe nomino, na kwamba viambishi vya nafsi na majina ya watenda vinairefusha. Ufupi ni sifa, hatukatai. Lakini tutazame huduma za pesa kwa simu, ambazo zilianza nchini mwaka 2008. Jumbe zake zilisema "umetuma", "umepokea", "umetoa", "salio lako". Ni vitenzi vyenye nafsi. Watu ambao hawakuwahi kuingia benki walizielewa kwa muda mfupi, nasi twaamini kwamba sarufi hiyo ilichangia. Benki, ambazo ni kongwe kuliko simu hizo, zingali zikiandika kwa kutendwa na kwa vitenzi-jina.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kwamba upungufu wa lugha ya kadi za benki hautokani na uhaba wa maneno. Maneno tunayo, na mengine ni ya kale. Upungufu unatokana na desturi ya kufasiri jina la kitu bila kuuliza ni nani anayefanya kazi ndani ya jina hilo. Mfasiri aliyepewa maelezo ya benki ayasome mara ya kwanza akitafuta mtenda wa kila kitenzi. Asipompata, arudi kwa aliyempa kazi akamwulize, kabla ya kukimbilia kauli ya kutendwa. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuchukua taarifa ya akaunti au risiti ya mashine akaifanya somo la sarufi. Na mtumishi wa serikali anayeandaa maelezo kwa wanaokwenda masomoni anaweza kuanza na ubao ule wa fedha za kigeni: silabi mbili tu, "tuna-", zinatosha kuurekebisha.

Mapendekezo yetu, yaani kadi ya salio, kadi ya malipo ya kabla, ubadilishaji wa dukani, ubadilishaji wa benki yako, kufunga kadi, kushikilia fedha, na namba ya mara moja, hatuyatoi kama amri. Tunayaweka mbele ya wasomaji yajaribiwe. Wale walio karibu na mipaka, kama Murongo, Mutukula, Rusumo na kwingineko, tunawaomba hasa watuletee maneno ambayo wabadilishaji fedha na wateja wao huyatumia kila siku, kwani huenda neno tulitafutalo limekwisha kuzaliwa huko na linangoja kuandikwa.